Mahali pa Kusimama: Nguvu ya Maumbile katika Sanaa ya Kilimbwende na Mwambao wa Uvira

Utangulizi

Katika istilahi za uhakiki wa Kiswahili, neno ulimbwende limezoeleka kuwa jina la mkondo wa fikra na sanaa uliotawala Ulaya tangu mwisho wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Istilahi hiyo haina bahati sana. Mlimbwende, kwa maana yake ya mitaani, ni mtu anayejipamba na kupenda kutazamwa; ilhali wachoraji na washairi wa mkondo huo walipata sifa kwa kutazama zaidi kuliko kutazamwa. Walitazama milima, maporomoko ya maji, dhoruba za bahari na magofu yaliyomezwa na miti, wakaona humo nguvu ipitayo kipimo cha binadamu. Nguvu hiyo, ambayo hapa itaitwa adhama ya maumbile, ndiyo iliyowafanya waache kuchora mandhari kama pambo la nyuma ya watakatifu na wafalme, wakayachora mandhari kwa ajili ya mandhari yenyewe.

Makala haya yanauliza swali moja ambalo wanafunzi wa fasihi na sanaa hawaliulizi mara nyingi: mtazamaji wa mandhari alikuwa amesimama wapi? Neno mandhari lenyewe limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, na kwa hiyo linadai awepo mwenye macho. Pasipo jicho kuna mlima na kuna maji, lakini hakuna mandhari. Neno maumbile, kwa upande wake, limetokana na kuumba, na halihitaji mtazamaji yeyote. Linamtaja aliyeumba na kilichoumbwa, basi. Tofauti ya maneno haya mawili si ya kamusi tu. Habari za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, hasa Uvira, zinaonyesha kwamba mtu aweza kuwa na ujuzi mwingi wa nguvu ya maumbile bila kuwa na mandhari hata kidogo, na kwamba mwenye mandhari aweza kuwa ndiye asiyeona.

Sharti la usalama

Mwaka 1757 Edmund Burke, mwandishi aliyezaliwa Dublin, alitoa kitabu kuhusu chanzo cha mawazo yetu juu ya adhama na uzuri. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya kushangaza: adhama huzaliwa na hofu. Kitu kinachoweza kutuangamiza hutusisimua kuliko kitu kinachotupendeza. Lakini Burke aliweka sharti. Hatari ikiwa karibu mno haileti raha yoyote, huleta maumivu tu. Sharti iwe mbali kidogo. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wa kutoa hukumu, alilirudia sharti hilo kwa uwazi zaidi. Miamba inayoning'inia, mawingu ya radi, volkano, vimbunga na bahari iliyochafuka, vyote hivyo huvutia kadiri vinavyotisha, mradi anayevitazama awe salama. Kisha akaongeza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa na wanaomtaja: kilicho kikuu, hatimaye, si dhoruba bali akili ya mtu anayeikabili dhoruba na kujua kwamba yeye ni zaidi ya mwili unaoweza kuvunjwa. Hivyo adhama ikaondolewa mlimani, ikatiwa moyoni mwa anayeutazama mlima.

Picha inayotajwa kuliko zote katika somo hili ni ile ya Mjerumani Caspar David Friedrich iliyochorwa kama mwaka 1818 na kuhifadhiwa Hamburg. Mwanamume aliyevaa koti la kijani kibichi lililoiva amesimama juu ya jabali, ametupa mgongo, fimbo mkononi. Mbele yake kuna bahari ya ukungu na vilele vinavyochomoza. Uso wake hauonekani. Kila anayeitazama picha hiyo hulazimika kusimama nyuma yake na kuazima macho yake. Ukungu unaweza kuficha bonde zima, vijiji na watu wake, na picha isipoteze kitu. Lakini ondoa jabali lile chini ya miguu ya mtu yule, na picha haipo tena.

Yuko mmoja aliyetaka kulivunja sharti hilo. J. M. W. Turner alionyesha mwaka 1842 picha ya meli ya mvuke katika tufani ya theluji karibu na mlango wa bandari, ambamo mbingu, moshi na maji vimekorogwa hata jicho halipati pa kushika. Alidai kwamba alikuwa amewaambia mabaharia wamfunge kwenye mlingoti ili aitazame tufani kwa saa nne. Wataalamu wengi hawayaamini maelezo hayo. Hata hivyo yana uzito wake: Turner alijua kwamba thamani ya picha yake ingebadilika kama watu wangesadiki kuwa hakuwa ufukweni.

Mtindo huo uliingia Afrika pamoja na wasafiri. Thomas Baines, aliyekuwa mchoraji wa msafara wa Livingstone wa Zambezi hadi alipofukuzwa mwaka 1859, alifika Mosi-oa-Tunya mwaka 1862 pamoja na James Chapman, na albamu ya picha zake za maporomoko hayo ikachapwa London mwaka 1865. Picha mojawapo inaonyesha kundi la nyati likikimbizwa ukingoni kabisa mwa genge, nyuma yao ukuta wa maji na mvuke. Nyati wako hatarini, mchoraji hayuko.

Kilima cha tarehe 13 Februari 1858

Msafara uliowafikisha Wazungu wa kwanza kuandika habari za Tanganyika kwa macho yao haukuwa na mchoraji wa kazi hiyo. Ulikuwa na maofisa wawili wa jeshi la Kampuni ya India Mashariki, Richard Burton na John Hanning Speke, waliotumwa na Royal Geographical Society. Lakini kalamu ya Burton ilikuwa imefunzwa na brashi za wengine. Katika kitabu chake cha 1860, The Lake Regions of Central Africa, anaeleza jinsi alivyoliona ziwa kwa mara ya kwanza kutoka juu ya kilima kilicho mashariki yake. Ukurasa huo umepangwa kama turubai. Mbele kuna mteremko wa mawe na njia inayopinda; kisha ukanda wa kijani, mchanga unaong'aa, matete; halafu maji ya buluu yenye mapovu meupe ya upepo; na nyuma ya yote ukuta wa milima ya magharibi. Mitumbwi na vijiji vimewekwa vidogo, kama mchoraji anavyotia doa la rangi ili jicho lipime ukubwa. Burton anafika hata kutaja kinachopungua: kama kungekuwa na misikiti, majumba na bustani, anasema, mahali hapo pangeshindana na mandhari mashuhuri ya nchi za kale.

Mary Louise Pratt, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu maandishi ya safari, aliuchambua ukurasa huo na kuonyesha kwamba msafiri anayeitazama nchi kutoka juu huigeuza kuwa picha, kisha huitolea hukumu kama mwenye picha. Uchambuzi wake umekuwa maarufu, na kwa haki. Lakini liko jambo jingine katika habari hiyo hiyo ambalo lina maana kubwa zaidi kwa swali la makala haya.

Watazamaji hao wawili walikuwa karibu vipofu. Baada ya miezi zaidi ya saba ya njia na homa, macho ya Burton yalikuwa yamedhoofika, na ya Speke yalikuwa mabaya zaidi kwa maradhi ya macho yaliyovimba. Speke mwenyewe aliandika baadaye, bila kuficha uchungu, kwamba ziwa lilionekana kwa kila mtu isipokuwa yeye. Yeye aliona ukungu tu. Burton aliona kwanza mstari wa mwanga uliokatika katikati ya miti, na ilimbidi aulize ni nini kile. Aliyejibu kwamba ni maji alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, akarudi Afrika akiwa huru. Burton alikata tamaa kwa kitambo, akidhani kuwa ametoa afya yake kwa ajili ya kidimbwi. Ndipo aliposogea hatua chache mbele, na ziwa likajifunua.

Basi mandhari mashuhuri kuliko yote ya Tanganyika yaliandikwa na mtu mwenye macho mabovu, pembeni mwa mwenzake asiyeona, baada ya kuonyeshwa maji na mtu ambaye katika ukurasa huo hakupewa macho ya kutazamia, ila mdomo wa kujibia swali. Hili halimaanishi kwamba Burton alidanganya. Linamaanisha kwamba kilichouumba ukurasa ule hakikuwa jicho la siku ile. Kilikuwa kanuni. Kilima kilikuwapo, upeo ulikuwapo, milima ya ng'ambo ilikuwapo. Kanuni ya kilimbwende ilifanya kazi iliyobaki.

Uvira, Aprili na Mei 1858

Ziwa lenyewe Burton alilijua miezi miwili baadaye. Alitaka kufika ncha ya kaskazini, kuona kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, kwa sababu kama ungetoka, Tanganyika ingeweza kuwa chimbuko la Nile. Aprili 1858 wakaondoka Ujiji kwa mitumbwi miwili, mkubwa ukiwa na urefu wa futi 60 hivi, chini ya uongozi wa Kannena, mkubwa wa Kawele. Walipita Ubwari, wakavuka hadi mwambao wa magharibi, na tarehe 26 Aprili wakafika Uvira.

Uvira wakati huo ilikuwa mwisho wa njia ya wafanyabiashara upande wa kaskazini. Pembe, watumwa, nguo za magome na vyuma vilipatikana hapo kwa bei nafuu. Si mahali ambapo msafiri angeweza kupanda jabali na kujikuta peke yake na maumbile. Milima ya Mitumba inainuka nyuma ya ufuo kwa ghafla, hadi zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na kati ya mlima na maji kuna ukanda mwembamba wa ardhi ambao umebanwa namna hiyo tangu Bonde la Ufa lilipopasuka. Mbele ya ukanda huo kuna ziwa ambalo kina chake, kusini zaidi, hufika mita 1,470. Pale Uvira mtu hatazami mlima kwa mbali wala ziwa kwa mbali. Yuko katikati ya viwili hivyo.

Burton aliletewa wana watatu wa Maruta, mtawala wa hapo, vijana wenye nguvu waliosema kwamba wamefika Rusizi na kwamba mto unaingia ziwani. Wengine waliokuwapo wakathibitisha. Kannena na watu wake wakakataa kuendelea kwa kuwahofu Warundi. Burton, ambaye ulimi wake ulikuwa na vidonda hata kuzungumza kukamwia vigumu, hakufika mtoni. Jambo la kuzingatia ni lililotokea baadaye Ulaya. Mwaka 1864, mwaka uleule ambao Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla ya mjadala wao wa Bath, Burton alichapa kitabu kuhusu bonde la Nile na humo akatetea uwezekano kwamba Rusizi unatoka ziwani. Ramani ilikuwa na umbo la kupendeza zaidi hivyo. Ushahidi wa wana wa Maruta, waliokuwa wameyaona maji yenyewe, uliwekwa kando hadi Livingstone na Stanley walipopelekwa huko kwa mtumbwi Novemba 1871, wakaona kwamba vijana wa Uvira walikuwa wamesema kweli.

Lakini ukurasa wenye thamani kubwa kwa somo la adhama ni ule wa safari ya kurudi. Mei 1858, baada ya kuondoka mahali paitwapo Mzimu katika Ubwari, mitumbwi iliingia katika uvukaji wa usiku. Dhoruba ikawakuta katikati ya maji. Burton anaeleza giza, umeme, mvua iliyopofusha na mawimbi yaliyokuwa yakipanda juu ya mbavu za mtumbwi. Wapiga makafi hawakuacha kazi. Walivuta huku wakilia kwa kuwataja wake zao. Bombay, ambaye kukiwa shwari alikuwa mtu wa mzaha kuhusu dini, aliutumia usiku mzima kuzikumbuka sala. Burton mwenyewe alijifunika koti lake la mvua. Hakuna mbele wala nyuma katika ukurasa huu, hakuna ukanda wa kijani wala ukuta wa milima, hakuna kipimo cha jicho. Kuna sauti na maji.

Na hapo, kinyume cha matarajio, hakumkumbuka mshairi wa Ulaya. Alikumbuka ubeti wa Hafidh wa Shirazi, kutoka katika ghazali inayofungua diwani yake, ambamo mtu aliye baharini usiku anaeleza hofu ya wimbi na kizingia, na kuuliza watu waliotua mizigo yao ufukweni wanaweza kuijuaje hali yake. Hafidh aliishi karne ya 14, miaka mia nne kabla ya Burke. Katika ubeti wake usalama haumpi mtu wa ufukweni uwezo wa kuionja adhama. Unamnyima uwezo wa kuijua. Ni sharti la Kant lililogeuzwa chini juu, na mtu aliyelitambua hivyo, akiwa ndani ya mtumbwi usioweza kugeuka, ndiye yuleyule aliyekuwa ameandika ukurasa wa kilima.

Kwa nini basi ukurasa wa kilima ndio unaosomwa, kuchambuliwa na hata kupingwa, na ule wa usiku ukabaki kuwa kisa cha safari? Jibu la haraka ni kwamba wa kwanza una umbo la picha na wa pili hauna. Sanaa ya kilimbwende ilikuwa imewafundisha wasomaji kuitambua nguvu ya maumbile pale tu ilipokuja na upeo. Wahakiki wanaoipinga taswira hiyo nao wameendelea kuisoma palepale ilipo, juu ya kilima, kana kwamba hapakuwa na mtumbwi.

Kabogo

Wapiga makafi hawakuacha kitabu, na ingekuwa vibaya kuwatungia falsafa wasiyoisema. Hata hivyo maneno machache yao yalinaswa na wageni. Stanley, akikaribia Ujiji mwaka 1871, alisikia mngurumo wa mbali akauliza kama ni radi. Akaambiwa ni Kabogo, mlima mkubwa ng'ambo ya ziwa, uliojaa mashimo marefu ambamo maji huingia kwa kishindo upepo unapovuma. Akaelezwa kwamba vyombo vingi vimepotea hapo, na kwamba ni desturi ya Waarabu na wenyeji kutupa majini nguo za merikani na kaniki, na hasa shanga nyeupe, ili kumtuliza mulungu wa ziwa. Anayetupa hupita, asiyetupa huzama.

Maelezo haya mafupi yanastahili kusomwa taratibu. Kwanza, yanatoa sababu ya kimaumbile bila haya yoyote: mashimo, maji, upepo, sauti. Pili, yanataja mulungu bila kuona kwamba sababu ya kwanza imeharibika. Neno mulungu ni la lugha nyingi za bara, ndugu wa Muungu na Mungu wa pwani, na katika sentensi hiyo halina umbo, makao wala hadithi. Lina haki ya kudai tu. Tatu, kinacholipwa ni bidhaa za msafara. Merikani ni kitambaa cha pamba kilichochukua jina la nchi kilikotoka. Kaniki ni kitambaa cheusi cha nili, na shanga zilikuwa fedha ya njia. Ziwa lililipwa ushuru, kwa sarafu ileile waliyolipwa watawala wa nchi kavu kwa ruhusa ya kupita.

Hapo ndipo tofauti na Friedrich inapojitokeza bila kulazimishwa. Mtu wa jabali hatoi kitu. Anapokea, anatafakari, anashuka. Mtu wa Kabogo hana nafasi ya kutafakari, kwa kuwa yeye ni upande mmoja wa mapatano, na upande wa pili una nguvu zaidi na uko karibu. Waarabu na Waswahili wa misafara, Waislamu wengi wao, walishiriki desturi hiyo kwa ushuhuda wa maelezo yenyewe. Mwanatheolojia angeweza kuwalaumu. Nahodha pengine asingewalaumu.

Inafaa kuuliza kama mtazamo huo uliwahi kupata brashi yake. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, na humo Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka katika uwanda uliojazwa alama ndogondogo kutoka pembe hadi pembe. Aghalabu hakuna upeo katika picha hizo, wala mahali pa kumweka mtazamaji. Zaidi ya hapo ni picha za soko zilizopamba kuta za nyumba za wafanyakazi wa miji ya Shaba katika miaka ya 1970, ambazo Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walizichunguza katika makala yao ya 1976. Mojawapo ya aina zake zilizopendwa sana ni mamba muntu: mwanamke aliye samaki toka kiunoni, anayekaa majini na anayeweza kumtajirisha mtu kwa makubaliano ambayo gharama yake huja baadaye. Wanafunzi wa sanaa huiweka picha hiyo katika fungu la hadithi na imani, mbali na mandhari. Fungu hilo halitoshi. Mamba muntu ni picha ya nguvu ya maji, iliyochorwa na watu ambao kwao nguvu hiyo ina uso na hujadiliana. Friedrich aliuficha uso wa mtu ili maumbile yaonekane. Wachoraji wa Shaba waliyapa maumbile uso, na mara nyingi uso huo unamtazama mwenye nyumba.

Ziwa lisilokaa

Jambo moja zaidi huyatofautisha mandhari ya Tanganyika na yale ya turubai: hayatulii. Cameron alipofika mlango wa Lukuga Mei 1874 aliukuta umezibwa na mimea na matope. Maji yakaendelea kupanda hadi mwaka 1878 yalipokipasua kizuizi hicho na kumiminika kuelekea Kongo. Edward Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka huohuo, alifuatilia kushuka kwa maji hayo mwaka hadi mwaka. Kabla ya karne kwisha uso wa ziwa ulikuwa umeteremka takriban mita 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukapanda tena, na mwaka 1964 ukafurika hadi katika mitaa ya chini ya Bujumbura. Ufuo aliokanyaga Burton Uvira si ufuo wa leo, na mchoraji aliyetaka kuweka mstari wa maji ungemhama angali hai.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha juu ya miteremko ya Mitumba. Mto Mulongwe ukavunja kingo zake, ukaleta matope na mawe katikati ya mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibiwa, madaraja yakachukuliwa. Watu waliozoea kuangalia upande wa ziwa kwa ajili ya hatari waliipata kutoka nyuma. Katika mwaka huohuo na ule uliofuata ziwa nalo lilipanda, likaingia katika nyumba za ukingoni na katika bandari ya Kalundu; mwaka 1964 ukarudi kutajwa katika mazungumzo ya wazee. Mwaka 2024 likapanda tena.

Picha nyingi za miaka hiyo zilipigwa kutoka juu, na baadhi ni nzuri kwa namna inayoudhi: mabati yanayong'aa juu ya maji ya buluu, minazi na michikichi iliyosimama ziwani, milima ya Burundi ng'ambo katika ukungu mwembamba. Friedrich asingeona ugeni wowote hapo. Lakini Uvira kupiga picha kutoka juu ni kusimama katika miteremko ileile iliyoteremka Aprili 2020, na mwenye nyumba iliyoingiliwa na ziwa, akitaka kuhamisha vyombo vyake katika ukanda ule mwembamba, hana njia ila kuelekea mlimani.